Mufuko wa tablette yenye haijafika

Karuba, siku ya tano, mangaribi

Nimecheka mpaka maziwa ikamwangika chini.

Bwana yangu, Papa Aline, anangojea tablette mupya, ile sawa telefone kubwa, yenye itatoka Goma juma ijayo, sawa vile anangojeaka ngombe yenye iko na mimba. Ameisha kuipatia jina: Gaju, sawa mutamba wetu. Ku kanisa ameisha kualika majirani waje kutupongeza, sawa vile tunapongezaka mutu mwenye amepata ngombe. Kitu yenyewe haijatoka!

Leo amerudi na mufuko wa ngozi ya ndama, ameushona mwenyewe. Kipimo alipata wapi? Alipima picha ya tablette ku kioo ya telefone. Mufuko ni mudogo, unaenea tu kiganja yangu.

"Mama Aline, unacheka kitu haujaona," akasema na kasirani.

Nikamuuliza: telefone iko muzima, hii kubwa iko ya nini? Akajibu:

"Ku telefone sionake tena sura ya Aline. Ninaonaka tu kivuli inatikisika."

Macho yake. Sikujua...

Kila siku ya Mungu binti yetu akituita ku video kutoka Goma, yeye njo anatangulia: "Aline, umenona!" Na mutoto amekonda tangu aanze masomo. Mimi nilizania anamutania.

Nimekamata ngozi yenye ilibakia, nimeanza kukata mufuko ingine. Nimepima na Biblia. Kama Gaju itapotea ndani, nitacheka tena, lakini polepole.