Sufi ya Mto Wako Ndani ya Spika

Mpendwa mama,

Huku Msimbati hatujambo, ila mwanao nimegeuka kituko. Nimeikata ile meza iliyooza mguu, nikaunda maboksi mawili ya spika za kuweka rafuni. Jirani ameuliza kama ni mizinga ya nyuki.

Chanzo ni wewe. Simuni ninao ujumbe wako wa mwisho wa sauti, ule wa siku niliyosafiri kwenda Mtwara mjini. Msiba wako ulipokwisha nilimsikilizisha dada Somoe. Alisikiliza kidogo, akanirudishia simu: "Huyu siyo mama. Sauti ya mama ilikuwa na kifua." Niliogopa, mama. Nilijaribu kukumbuka ulivyokuwa ukiita, nikaisikia sauti ya simu tu.

Unaukumbuka mtungi? Tukibangua korosho ulikuwa unakatumbukiza karedio kako ndani ya mtungi mtupu, na mtangazaji mwembamba anakuwa mzee mzima. Nilikuwa nachungulia. "Kanenepea wapi humo, mama?" Ulicheka mpaka ukaangusha korosho. Siku moja niliufunika mtungi kwa ungo, nione atafanyaje. Ukauondoa mara moja: "Mwache apumue, we mtoto, utantoa roho bure!"

Swali lile sijaliacha mpaka leo. Sauti hupata wapi unene? Nikanunua spika kuukuu kwa fundi redio sokoni, nikapima, nikakata, nikagundisha, nikaziba kila ufa. Fundi alinishauri niweke kitu laini ndani, sauti isigongegonge mbao. Kitu laini gani tena? Nikaufumua mto wako. Somoe alininunia siku nzima, lakini sufi yake ilikuwa bado nyeupe.

Sasa unatujua watu wa nyumba yako: mto wa mgeni usiojaa ni aibu. Mkono ukafuata mazoea. Nilishindilia sufi mpaka boksi likakataa kufunga, nikalikalia. Nilipowasha ujumbe wako, ulisikika kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

Nikakaa nayatazama maboksi yangu, hasira na kicheko pamoja. Ndipo nikakumbuka ulivyouondoa ule ungo. Nikafungua tena, nikapunguza sufi, nikabakiza ya kutandika kwenye kuta tu. Kisha mbele ya kila boksi nikatoboa tundu, nikapachika kipande cha bomba la maji. Na apumue basi.

Jana alasiri nikabonyeza. "Mwanangu, umefika? Mbona kimya?" Ulitoka na kifua chako chote, mama. Na nyuma yako nikasikia kitu ambacho simu haikuwahi kunipa: redio ikinguruma mtungini. Kumbe ulikuwa unabangua! Nilisogea karibu nisikie mtangazaji anasema nini. Halafu, mwishoni mwa ujumbe, ukageuka pembeni ukaita: "Somoe! We Somoe!"

Somoe alikuwa uani anapepeta mchele, hajui ninachofanya.

"Abee, mama!"

Akaja mbio mpaka mlangoni, ungo mkononi. Akaniona mimi, akaziona spika. Mchele ulikuwa umemwagika njia nzima, wala hakuutazama. Akakaa chini.

"Mrudishe," akasema. "Aite tena."

Sufi iliyobaki nimeirudisha ndani ya mto wako. Hautajaa, usituaibikie. Pumzika, mama. Nimefika.

Mimi mwanao,
kitinda mimba wako