Asubuhi za Kituo cha Saba

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za kifua? Muuguzi wako aliniambia kwenye simu kwamba umeongezewa oksijeni, na kwamba ulimgombeza kwa kufunga dirisha bila kukuuliza. Nikacheka, nikajua bado upo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimia. Mtoto wetu mdogo anataka kujua kama ule mrija unawasha pua.

Najua kuzungumza kunakukata pumzi, ndiyo maana naandika. Nina jambo la kazi linaloninyima raha. Jiji limeamua kuyatoa malori katikati ya mji, na njia ziko mbili: ya juu, inayopita karibu na hospitali, na ya chini, inayokatiza mtaa wa bondeni tulikokulia. Modeli yangu, ile programu ya kompyuta inayokadiria hewa ya kila mtaa, inasema vumbi laini, lile linaloingia mapafuni bila kupiga hodi, ni kidogo zaidi bondeni. Kwa hiyo wakubwa wanasema, "Yapelekeni bondeni, kuna nafasi." Kama vile hewa ni sebule, ukiona kiti kitupu unamkaribisha mgeni.

Modeli hiyo nimeifundisha kwa miaka ishirini ya vipimo vya ofisi, vingi vikiwa vyako wa enzi zako za kazi. Mwezi uliopita nilifunga vipimo vidogo vitatu juu ya paa za bondeni, kimoja kwenye nyumba yetu ya zamani. Vyote vinasoma zaidi ya mara mbili ya modeli. Nimevibadilisha nafasi, nimevisafisha, mambo ni yale yale. Ofisini wananicheka: "Mtoto wa bondeni hataki malori kwao."

Kikao cha baraza ni tarehe 11 Aprili. Nisipopata maelezo, nitalazimika kuisaini modeli kama ilivyo. Kituo cha saba, kile cha kupimia hewa bondeni, ulikisimika wewe mwenyewe. Kilikuwa na kasoro yoyote?

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mdogo mrija unawasha, tena unanuka plastiki. Mimi naendelea hivyo hivyo. Leo nimehama kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, kisha kitandani, kisha kitini tena, na barua hii imehama pamoja nami, usishangae mwandiko.

Kuhusu vidude vyako: vidude vya bei nafuu hupima vumbi kwa mwanga, na mwanga hautofautishi chembe ya moshi na tone la ukungu. Bondeni asubuhi kuna ukungu. Weka mrija wa kupasha hewa joto kabla haijaingia kwenye kipimo, matone yakauke, kisha uone. Usishindane na miaka ishirini kwa kidude cha mwezi mmoja.

Kituo cha saba kilikuwa kituo kama vingine. Kula vizuri. Usiwasikilize wanaokucheka, ofisi ile imecheka watu tangu ilipopakwa rangi ya kwanza.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kuhamahama. Nimefanya ulivyosema. Nimeweka mirija ya joto. Na kwa kuwa najua utauliza, nimeweka pia pampu yenye karatasi ya chujio, nikaipima karatasi kwenye mizani kabla na baada, asubuhi tano mfululizo. Mizani haijui ukungu. Jibu bado ni zaidi ya mara mbili.

Nikafungua kumbukumbu za zamani. Kituo cha saba, kila asubuhi kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili, namba zake ni nyororo kama zimepigwa pasi. Nikazilinganisha na za jirani zake. Ni wastani wa kituo cha nne na cha sita, hadi nukta ya mwisho. Si siku moja, Shangazi. Ni miaka. Hewa haina adabu ya namna hiyo.

Nilimtafuta fundi wa mitambo wa zamani, yule mliyemwita Koleo. Amezeeka ila mdomo haujazeeka. Nikamwonyesha. Akaangalia, akaangalia, akasema, "Hizo namba zimevalishwa nguo. Muulize shangazi yako nani fundi cherehani. Mimi nilikuwa mbeba ngazi."

Nakuuliza. Zimebaki wiki tatu.

Mwanao


26 Machi

Shangazi, shikamoo. Sijapata jibu. Muuguzi anasema kalamu unaishika ila karatasi unazichana. Chana, lakini moja niletee. Hali yako?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu daktari anaieleza kwa kuangalia viatu vyake. Tuiache.

Fundi cherehani ni mimi. Mwaka tulionunua mashine ya kwanza ya mwanga, msimu wa mvua ulikuwa mbaya, na kila asubuhi kituo cha saba kilikuwa kinapaa kama kimechanganyikiwa. Nilidhani ni ukungu, na siku kadhaa kweli ulikuwa ukungu. Nikaandika kanuni kwenye programu ya kusafisha vipimo: namba yoyote inayozidi mara mbili ya vituo jirani ifutwe, na pengo lijazwe kwa wastani wa majirani. Ilikuwa kanuni ya mwezi mmoja.

Mwezi ukaisha, nikapandishwa cheo, kanuni ikabaki. Lakini saa za ukungu ndizo saa ambazo wenye tanuri za kuyeyusha vyuma chakavu pale bondeni huwasha moto, na wakiwasha hutupa matairi na mafuta machafu. Kanuni yangu ilikuwa inafuta moshi kila alfajiri, na inaandika hewa ya watu wengine mahali pake. Nilisahau kuiondoa.

Vipimo vyenyewe, kabla ya kusafishwa, vilikuwa vinachapwa kwenye roli za karatasi. Koleo hatupi kitu; mwombe roli. Ifundishe modeli yako upya kwa hizo. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya baraza yenye sahihi yangu, inaeleza kanuni ilivyoandikwa na nani aliiandika.

Nisamehe kwa barua ya kwanza. Nilikutuma kwenye ukungu nikijua unakwenda wapi.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua ya baraza nimeipokea, asante. Roli nimezipata, zilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Koleo, na modeli inajifunza wakati naandika.

Koleo amenipa na boksi ambalo hukulitaja. Anasema hakuiamini ile mashine, hivyo alikuwa anaweka pampu yake ya mkono kando yake. Ndani kuna karatasi za chujio sitini na moja, nyeusi kama kitako cha sufuria, kila moja na tarehe. Juu ya ile ya kwanza kuna mwandiko wako: "Nimeziona." Juni, mwaka niliomaliza sekondari.

Agosti ya mwaka huo ulikuja kwetu. Mimi nilikuwa naleta chai. Mama alikuuliza, "Wifi, tuuze nyumba tuhame? Kifua hiki hakinipi nafasi." Ukamwambia, "Kaeni. Hewa yenu ni safi kuliko ya kwangu." Nakumbuka kwa sababu nilijivuna: mtaani hakuna mwingine aliyekuwa na shangazi anayejua hewa.

Uliniandikia kwamba ulisahau. Nimehesabu miezi mara nyingi kwa vidole, kama mtoto. Niambie nimekosea tarehe.

Mtoto wa kaka yako


8 Aprili

Mwanangu,

Natuma kwa mkono wa mpwa wa muuguzi, anasafiri leo, ili uipate kabla ya kikao.

Hujakosea tarehe.

Koleo alikuja ofisini Juni, akaniwekea boksi mezani, juu ya chai yangu. Akasema, "Mama, namba za ofisi zinasema maziwa, karatasi inasema lami. Nani tumwamini?" Nikamwambia aniachie. Nikaketi nazo mchana mzima. Nilijua kabla sijafungua ya pili. Nikaandika "Nimeziona," nikamrudishia, nikamwambia namba za ofisi ndizo kipimo rasmi. Akanitazama, akabeba boksi lake.

Wiki ile ile ripoti yangu ya hewa ya jiji ilikuwa imesifiwa, na baraza lilikuwa limewapa wenye tanuri vibali vya miaka mitano kwa kuitegemea. Nilikuwa mwanamke pekee ghorofa ile, na chini yangu wanaume wanne walikuwa wanasubiri nijikwae kama watu wanaosubiri basi. Hayo si sababu. Nakueleza tu hali ya hewa ilivyokuwa siku hiyo.

Kisha Agosti mama yako akaniuliza. Nilikuwa na neno moja la kusema: hameni. Lakini angeuliza kwa nini, na mama yako hakuwa mtu wa kukaa na jibu peke yake. Kabla ya jua kutua mtaa mzima ungejua, na kesho yake wangekuwa mlangoni pa ofisi. Nilimpenda wifi yangu. Alinisuka nywele siku nilipohitimu. Nilimwangalia machoni, nikamwambia akae. Nikanywa chai uliyoleta.

Miaka minne baadaye alifariki. Siwezi kusema ni hewa, wala huwezi wewe. Alikuwa na kifua tangu utotoni. Siku ya mazishi ulinishika mkono, ukaniambia unabadilisha somo chuoni, utasomea hewa kama mimi. Nilipaswa kukwambia siku ile. Nikakununulia kikokotoo.

Tangu hapo kila ulipofaulu nilifurahi, kisha nikasimama nikazunguka chumba. Nilikuona unajenga juu ya shimo nililolichimba, na nikakupongeza kwa ukuta. Ulipoandika kwamba malori yatapita pale kwa sababu "kuna nafasi," nilichana karatasi saba. Daktari anadhani homa ndiyo inayonihamisha kitandani na kitini.

Barua hii isome kikaoni yote. Wakibisha kuhusu ile ya baraza, kwamba bibi mgonjwa amechanganyikiwa, hii hawataweza kuibisha. Usiniachie ukurasa hata mmoja.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Muuguzi amenieleza hali yako ilivyokuwa wiki hii. Pole sana.

Nimekaa siku tisa bila kuandika. Nilianza mara nyingi.

Kikao kilikuwa kirefu. Niliweka ramani mbili ukutani, ya zamani na ya modeli mpya. Kwenye ya zamani bondeni ni kijani. Kwenye mpya ni doa la zambarau, na doa lenyewe linaanzia tanurini, linafuata bonde kama maji. Mkuu wa usafiri akasema kama ulivyotabiri: "Huyu ni bibi mgonjwa, na huyu ni mtoto wa pale pale. Tunapanga jiji au tunapanga ukoo?" Nikamwita Koleo. Akaingia na boksi, akazipanga karatasi mezani mbele yao, mbele ya kila mtu moja, kama anayegawa sahani. Akasema, "Nusa, mheshimiwa. Hii ni ya miaka ishirini na bado inanuka tairi." Mmoja akanusa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari za ukoo.

Malori hayatapita bondeni. Tanuri zitafungwa hadi ziwekewe vichujio vya moshi, na kituo cha saba kitapimwa na watu wa nje ya ofisi. Njia ya juu bado wanagombana, hospitali nayo haitaki. Kazi haijaisha.

Nilisoma barua yako, ila ukurasa wa mama niliubakiza mfukoni. Uliniambia nisiache hata mmoja. Nimeuacha, huo ni wangu.

Kuna jambo jingine. Modeli ikiwa na namba za kweli, unaweza kuirudisha nyuma. Nikairudisha hadi Agosti ile. Nikamweka mama kwenye nyumba yetu miaka minne, kisha nikamweka kule mtaa wa shule alikotaka kuhamia, miaka hiyo hiyo minne, nikauliza tofauti ya vumbi alilovuta. Kompyuta ilichukua dakika nne. Nilisimama ukumbini hadi ikamaliza.

Jibu ninalo. Nilitaka kukuandikia, na kwa siku kadhaa nilitaka kukuandikia kwa sababu mbaya. Sasa sitaki tena. Wewe ni mgonjwa, na mimi sijui kama nimekusamehe, lakini hilo sitakutwisha. Pumzika, Shangazi.

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu,

Anaandika muuguzi, mimi natamka. Anasema nitamke polepole.

Marahaba. Ukurasa wa mama yako ni wako, nilikosea kuutoa ovyo. Nimefurahi kuhusu malori. Mpe Koleo salamu, mwambie nilisema yeye ndiye aliyekuwa kipimo rasmi.

Kuhusu lile jibu. Uliona namba ambayo ingemuumiza mtu, ukaiweka kando ili apumzike. Ulifanya kwa huruma, najua. Na mimi mwanzoni nilidhani nafanya kwa huruma. Sitaki uanze nilikoanzia mimi.

Niandikie namba hiyo. Niandikie na kiasi ambacho huenda umekosea, juu na chini, kama nilivyokufundisha. Kama ni kubwa, iandike kubwa. Macho yangu hayasomi tena, lakini muuguzi amekubali kunisomea, na nimemwambia asiniulize kama niko tayari.

Anasema nikuambie ni haraka. Ni haraka.

Shangazi yako