Mashine Iliponyamaza

Rwezamenyo, Alhamisi, 1986

Vumbi la vigae bado liko puani. Asubuhi nilikata nondo za dirisha kwa mashine ya umeme, cheche zikanitoboa shati. Mchana nikaanza vigae bila kubadili disiki ya kukatia chuma, viwili vikapasuka. Nikaitukana mashine, kana kwamba ina masikio.

Ina kelele mno. Mtu akiniita simsikii. Ndiyo maana marehemu mke wangu hakujisumbua kuniita. Chakula kikiiva alichomoa waya ukutani, mashine ikanyamaza, nami nikajua.

Leo imenyamaza katikati ya kigae. Nikavua miwani, nikasema kwa sauti, "Nakuja, Mama Hadija."

Jirani akanijibu kutoka ng'ambo ya ua: "Ni umeme, mzee. Hata huku hakuna."

Nikanawa mikono hata hivyo.