Kilichomjaza Abdisalan Kifua

Bulla Pesa,
S.L.P. 73,
Isiolo.
17 Machi 1985

Mpendwa kaka Ahmednur,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Jidda, pamoja na wifi Habsa na watoto. Je, mgongo umepoa, au kiti cha lori bado kinakutesa? Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha mara moja ikanyamaza, lakini majani yameanza kuchipua, na ngamia waliobaki upande wa Garbatulla wanatoa maziwa kidogo. Baba Abdisalan yuko safarini Merti na lori la watu.

Utaushangaa mwandiko huu. Siku zote mwanangu Abdisalan ndiye huniandikia, lakini leo nimeshika kalamu mwenyewe, kwa kile nilichokipata kwenye darasa la ngumbaru. Habari ni zake, na zingine ni zangu, na sikutaka nimtajie yeye mtoto ili aziandike. Herufi zikilala upande, nivumilie.

Unakumbuka ile picha yake niliyokutumia, akiwa amesimama bila shati, kifua mbele kama askari wa gwaride. Ulijibu kwamba umewaonyesha madereva wenzako, nao wakauliza kijana huyu analishwa nini. Nikakuandikia kwa majivuno kwamba ni maziwa ya ngamia na samli ya dada yako. Kaka, si kweli. Nilipokuandikia nilidhani ni kweli, na sasa nimejua, na uso wangu sijui niuweke wapi.

Mwaka jana, wakati wa ule ukame, mtoto alikuwa mwembamba mpaka wenzake shuleni wakamwita Antena. Lilimuuma. Akatafuta bomba la chuma, akajaza simiti kwenye makopo mawili, akawa analinyanyua uani asubuhi na jioni. Halafu akamwuliza mwalimu wao wa michezo, Bwana Kaimenyi, mtu wa nyumba isiyo na kitu ale nini ili ajenge mwili. Mwalimu akamwambia asingoje nyama. Ale maharagwe na ndengu, githeri ya mahindi na maharagwe, omena wale dagaa wa ziwani, yai likipatikana, maziwa mala, na alale mapema.

Alikuja kuniambia akiwa na furaha. Nami nikamkatisha. Nilimwambia kwamba mjukuu wa Hashi hawezi kulishwa chakula cha jela, na kwamba omena ni vumbi lenye macho. Nyumba yetu ni ya nyama na maziwa, nikasema, asubiri. Asubiri nini, kaka? Tangu mifugo iishe, nyama tunaiona Ijumaa, tena si kila Ijumaa. Siku zingine ni chai na ugali wa yale mahindi ya manjano ya msaada. Na wewe peke yako nakuambia hili: jioni nyingine nayeyusha samli kidogo kwenye sufuria tupu, ili majirani wasikie harufu. Baba yetu mwenyewe alitusimulia kwamba huko Burma vitani walikula maharagwe ya kopo, na hakuna aliyemdharau. Hilo nililisahau.

Abdisalan hakubishana. Miezi ikapita, nikaona mashati yanambana mabegani. Mimi nikavimba kichwa. Sokoni, kwa akina mama wenzangu wa maziwa, nilikuwa sina hadithi nyingine. Mmoja wao, Nimo, akaniamini, akamnywesha kijana wake maziwa asubuhi, mchana na jioni, mpaka maskini wa Mungu akahamia chooni. Nilicheka siku hiyo.

Sasa sikia. Faduma, binti ya mjomba, aliniambia kwamba kila siku baada ya shule anamwona Abdisalan kwenye kibanda cha Nakiru karibu na mnada. Nakiru ni yule mjane Mturkana anayewapikia wachunga na madalali. Mtoto anamchotea maji, naye anampa chakula. Mimi kichwani nikaona kitu kimoja tu, nyama ya haramu. Sikumwuliza mwanangu. Nilijitanda mtandio nikaenda.

Kibanda kilijaa watu. Nilisimama mlangoni nikamwambia Nakiru kwamba kwa kuwa hana mtoto wa kuharibu, ameamua kumharibu wangu kwa kumlisha kibudu. Nilisema hivyo, kaka, kwa mwanamke ambaye alimzika mwanawe wa pekee hapa hapa Isiolo. Watu waliacha kula. Abdisalan alikuwa pale na debe la maji mkononi, akaangalia chini.

Nakiru alifuta mikono. Akaenda kwenye rafu iliyo peke yake kwenye kona, akateremsha sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio, akaifunua mbele yangu. Maharagwe na omena, basi.

“Mama Abdi, hii ni ya kijana peke yake,” akasema. “Nilinunua mpya. Nyama yetu haijawahi ingia hapa. Hiyo kitambaa niliweka ili hata mimi nisisahau.”

Niliondoka bila kuomba radhi. Hapo ndipo aibu iliponishika, na haijaniachia.

Abdisalan hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliacha kwenda kwa Nakiru. Bomba lake likabaki uani, kuku wakawa wanalalia makopo. Nilipomwuliza mbona hanyanyui, alinijibu polepole: “Mama, pale siwezi kuingia tena. Na hapa sishibi.” Mabega yakaanza kushuka tena, nikiyaona kwa macho yangu.

Halafu Alhamisi iliyopita mchunga mmoja akaniletea ile sufuria, imesuguliwa inang'aa, kitambaa bado kimefungwa, na ndani hamna kitu. Wewe unajua watu wa hapa hawapelekeani chombo kitupu. Nikaelewa kwamba Nakiru amefunga mlango.

Nikajaribu kupika maharagwe mwenyewe. Mtu aliyekulia kwenye maziwa anajua nini? Sikuyaloweka, na chumvi nikatia mwanzo. Yalitoka kama kokoto. Abdisalan aliyatafuna yote, nami nikaondoka jikoni nikalia.

Jana, siku ya mnada, niliijaza ile sufuria maziwa ya mkamuo wa kwanza, yasiyotiwa maji hata tone, nikaenda saa ya chakula. Nilitaka waliosikia matusi wasikie na mengine. Nilimwambia Nakiru mbele yao kwamba nilimsingizia, kwamba yale ya mwanawe sikupaswa kuyatamka, na kwamba namwomba msamaha.

Nakiru aliyamimina maziwa kwenye chombo chake, akanipakulia sahani ya maharagwe, akanionyesha benchi katikati ya wachunga. Wakati huo Nimo na wenzake walikuwa wanapita na vibuyu, wakasimama kuangalia. Nilikaa, nikala. Kaka, kumbe ni matamu. Nilikula mpaka nikapangusa sahani kwa kidole, na machozi yakinitoka, na sikujificha.

Nilipoinuka kuaga, Nakiru aliichukua ile sufuria akairudisha kwenye rafu yake. Akasema tu, “Kesho mwambie kijana alete maji.”

Basi madereva wenzako wakiuliza tena, waambie ni maharagwe ya Nakiru, na nguvu za mtoto mwenyewe. Jina langu usilitaje hapo.

Mpe wifi Habsa salamu zangu, na watoto wote mmoja mmoja. Faduma anakusalimu, bado anaongea kuliko redio. Mungu akulinde barabarani, akupe riziki ya halali na watu wa kukustahi ugenini, kama alivyomstahi mwanangu mtu ambaye hata si wa dini yetu.

Nafunga hapa, maana nimesikia kishindo uani. Nimechungulia. Kuku wametimuliwa kwenye makopo, bomba limesogezwa ukutani, na debe la maji halipo.

Dada yako akupendaye hata katika aibu yake,
Halimo Hashi