Kadi ya Kupapasa

Bukoto, Kampala

Kaka Yasiin,

Huku sote wazima, ila Mama. Tangu Ramadhani macho yake hayaoni kabisa. Alinikataza kukuambia.

Basi nikamtengenezea kadi ya Idi ya kupapasa. Nilibandika vipande vya nguo zetu, kila mtu na kipande chake.  Mama aligusa kimoja: "Kanzu ya baba yenu." Kingine: "Gauni la binti yako Sumayiya, hapa pasi ililiunguza." Hakukosea hata kimoja.

Kisha kidole chake kikatua pembeni, pale nilipopaacha patupu. Akapapasa, akapapasa.

"Na huyu ni Yasiin," akasema.

Nitumie kipande cha shati lako, hata kama ni kuukuu. Usilifue.

Dada yako,
Rukiah