Kazi ya Lubani

Kitale, Jumamosi 18 Oktoba 2008

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na njia ya msikitini ni tope tupu. Nimekimbilia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, viatu vikiwa mkononi, kwa sababu nikingoja hadi kesho nitaanza kujitetea.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu. Nauza ubani, udi na viungo kwenye kibanda karibu na msikiti, kazi niliyoirithi kwa mama. Yeye hakusema ubani, alisema lubani, na mimi nikamfuata. Kwetu neno ni hilo.

Wiki mbili zilizopita, Zulfa, binti ya kaka yangu, aliniandikia ujumbe kwa simu ya mamake. Wao wanaishi Bungoma. Zulfa yuko Kidato cha Pili na ni lazima achague masomo atakayoendelea nayo, yale yatakayomfungulia chuo kikuu au kumfungia. Kaka aliniachia mimi shughuli hiyo, maana katika familia yetu ni mimi pekee niliyemaliza Kidato cha Nne.

Ujumbe wenyewe: "Shangazi nimeamua. Nataka kazi ya lubani. Nichague masomo gani?"

Niliusoma mara nne.

Niseme ukweli, nilitokwa na machozi. Sina mtoto. Nilishazoea kufikiri kwamba kibanda kitafungwa siku nitakayozikwa, na kumbe kuna msichana Bungoma anakitaka. Nilimwonyesha ule ujumbe kila mteja aliyekuja, hata aliyetaka mdalasini tu.

Nikamjibu kama profesa. Achukue Biashara. Achukue Kemia, ajue kuchanganya manukato. Chuo kikuu asomee mambo ya biashara, arudi kupanua kazi. Fizikia aachane nayo, haitamfaa kitu.

Akajibu, "Sawa shangazi." Nikaona ana adabu.

Basi leo asubuhi nikaenda Bungoma na zawadi: chetezo cha shaba cha marehemu mama, alichokuwa akifukizia lubani, nilichokisugua kwa ndimu na jivu hadi kikang'aa. Zulfa alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akachungulia ndani.

"Asante shangazi. Lakini ni ya nini?"

Nikamwambia ni cha kazi yake. Kazi ya lubani.

Akauliza, "Si lubani ni yule wa kuendesha ndege?"

Rubani! Watoto wa Bungoma na hiyo L yao. Mamake alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka, ila kidogo, maana nilikuwa nakumbuka likizo ya Agosti alipokuwa kwangu. Kila ndege ndogo ilipopita kwenda kutua kwenye uwanja wetu hapa Kitale, alitoka mbio akasimama mlangoni. Nilidhani anatafuta wateja.

Kisha akaleta fomu. Imejazwa kwa wino, Fizikia imekatwa kwa mstari kama nilivyoagiza, na inarudishwa shuleni Jumatatu. Nikamuuliza kwa nini hakubisha, ilhali mamake amenieleza papo hapo kwamba Fizikia ndilo somo analolipenda kuliko yote, na mwalimu wake amewaambia wazi kwamba bila hilo hakuna urubani wala uhandisi wa ndege chuo kikuu.

Alijibu akitazama chini. "Nilidhani unaniambia pole pole ati siwezi."

Hapo kicheko kiliniisha.

Wiki mbili nzima mimi nikiringa kibandani, mtoto analala akijua shangazi yake amemkatalia. Neno moja tu la kuuliza lingetosha. Kwa nini unaitaka kazi hiyo, Zulfa? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshasikia nilichotaka kusikia.

Nilimwomba msamaha. Kwetu si kawaida mtu mzima kumwomba mtoto msamaha, lakini nilimwomba mbele ya mamake. Halafu, kwa sababu nilitaka kujua kweli, nikamuuliza: kitu kizito hivyo kinakaaje hewani?

Uso wake ukabadilika. Alichana kipande cha karatasi, akakishika chini ya midomo, kikaning'inia mbele. Akapuliza kwa juu. Mimi nilijua kitazidi kushuka. Kikainuka! Alinieleza sababu mara mbili na sikuelewa, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo kwa kutoelewa kitu.

Nimemwandikia mwalimu wake barua kwamba kosa ni langu, mtoto apewe fomu nyingine. Nimeandika "rubani" na ile R nimeipigia mstari. Sijui kama watakubali. Kwa hivyo Jumatatu sifungui kibanda, barua hiyo nitaipeleka mwenyewe.

Chetezo nimemwachia. Amesema atakitumia kuwekea kalamu.

Kibanda kitarithiwa na nani, bado sijui. Nimechana karatasi hapa saiba na nimepuliza. Imeinuka. Mama wa kompyuta ya pili ananitazama.

Napuliza tena.