Bega la Kushoto la Chui

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto wote hapo nyumbani. Natumaini siku hizi unapata usingizi hata kidogo, na yule mdogo ameacha kulala na viatu miguuni. Mimi mwili hauna neno, ila mikono imechubuka kwa chumvi, kama kawaida ya kazi hii ya ngozi.

Barua yako niliipata. Nimekaa nayo siku tisa bila kujibu, uniwie radhi. Kwa kuwa ofisi ya wanyamapori imeturuhusu kubaki na ngozi, umetaka kujua yule chui aliyemuua shemeji nitamtengeneza vipi. Ziko namna mbili. Ile ya miaka yote, ngozi inavishwa juu ya umbo gumu, anatiwa macho ya kioo, na mnyama anasimama kama anataka kukurukia. Nyingine ni laini: ngozi inasuguliwa mpaka inanyumbulika kama blanketi, inajazwa pamba kidogo na kushonwa, mnyama analala amefumba macho, hata mtoto anaweza kumpakata.

Wewe ulitaka asimame. Meno nje, makucha nje, awekwe sebuleni akitazama mlango, ili watoto wakue wakijua baba yao hakufa kwa kuanguka na baiskeli. Niliposoma hapo nilicheka, maana ni maneno yako kabisa, halafu nikalia kama mjinga.

Jumanne mama mkwe wako alikuja karakana. Hata hodi hakupiga. Ngozi nilikuwa nimeiwamba ukutani, akaichapa na fimbo aliyokuja nayo, akaichapa mpaka manyoya yakaruka na fimbo ikakatika vipande viwili. Kisha akaniambia, "Huyu mfanye laini. Usinisimamishie mimi huyu mshenzi. Nataka nimtandike chini, nimkanyage kila asubuhi nikienda kunawa uso." Akakaa juu ya gunia la chumvi, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akaniuliza kama mnyama naye alisikia maumivu. Nikamjibu ndiyo, tena sana. Akasema vizuri, akaondoka.

Uliniomba pia nikutafutie ukweli wa namna shemeji alivyokufa, kwa kuwa siku ile ulikuwa umekwenda mjini na kila mtu anakuficha. Nimeongea na jirani yenu, yule mwanajeshi mstaafu. Aliniambia yote huku amegeuzia uso ukutani. Kama huwezi, ruka kipande hiki.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Shemeji alisikia kondoo wanalia, akaingia zizini na panga. Kondoo wawili walikuwa chini, makoo yamechanwa, na chui yupo pale pale, anakula. Jirani anasema kilichomshangaza ni kwamba hakukimbia. Chui akimwona mtu mchana hutafuta njia ya kutoka. Huyu alijikokota tumbo chini, akamrukia shemeji. Hakufika kooni, akaangukia kifuani. Alimng'ata usoni, akamvua ngozi ya kichwa kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, huku miguu ya nyuma ikimpasua tumbo. Panga lilikuwa limeshadondoka. Basi shemeji akausukuma mkono wake wa kushoto ndani ya mdomo wa chui, makusudi kabisa, mpaka karibu na kiwiko, ili yale meno yawe na shughuli. Ndiyo maana mkono ule ulikuwa vile ulivyouona hospitali. Jirani alifika na bunduki akashindwa kulenga. Shemeji akampigia kelele, "Piga! Piga tu, usiniangalie mimi!" Jirani akaweka mdomo wa bunduki kwenye sikio la mnyama, akapiga. Shemeji aliinuka mwenyewe, dada. Alitembea mpaka getini, utumbo ameushikilia kwa shati.

Sasa nije kwenye jambo lililonichelewesha.

Siku niliyomchuna yule chui, nilipofika bega la kushoto, usaha ulinirukia mpaka kwenye aproni. Mfupa ulikuwa umevunjika zamani kidogo, miezi miwili hivi, ukaunga vibaya, na katikati yake kulikuwa na risasi. Mnyama wa namna hiyo hawezi kumkimbiza swala. Anayeweza kumpata ni kondoo aliyefungiwa. Na mtu akimtokea, hawezi kukimbia, itabidi apigane.

Risasi ile naijua. Za namna ile nazijaza baruti mwenyewe, hapa hapa kwenye meza ninayokuandikia.

Nilipokuja kuwatembelea, miezi miwili kabla ya msiba, kuna asubuhi niliwaaga nikasema nakwenda kutafuta ndege. Nilidanganya. Mteja alikuwa anataka chui, nami kibali sikuwa nacho. Chui nilimkuta nyuma ya kile kilima chenu, nikampiga vibaya. Alianguka, akabingirika akipiga kelele, akauma bega lake mwenyewe, kisha akainuka kwa miguu mitatu na kuingia kichakani. Niliona damu, niliona vipande vya mfupa kwenye majani. Kila mwenye bunduki anajua la kufanya: unamfuata ummalize, na ukishindwa unawaambia watu wanaoishi karibu. Mimi nilisimama pale kama robo saa, nimekikazia kichaka macho tu, kisha nikarudi. Ulikuwa umeshapakua chakula. Shemeji akaniuliza nimepata nini, nikasema ndege wamenichenga. Akacheka, akasema macho yangu ni ya kushona, si ya kulenga.

Ningefungua mdomo pale mezani, asingeingia zizini peke yake na panga. Hilo nimelizungusha kichwani siku zote tisa, na kila upande liko vile vile.

Nilianza kumtengeneza ulivyotaka. Bega nililijaza kwa udongo wa kufinyangia, nikachana manyoya juu yake, hakuna ambaye angejua. Ijumaa akasimama, meno nje, kwa miguu minne mizima. Nilimtazama nikaona nimewatengenezea wanao uongo wa kuweka sebuleni. Nikachukua kisu nikaichana mishono yote, na lile umbo nikalipiga nyundo mpaka likawa vumbi.

Sasa ni laini. Amelala, na kovu la bega sikulifunika, ukigusa utalisikia. Mtandike, mkanyageni, au mchome moto, ni wako.

Jana nilikwenda ofisi ya wanyamapori nikaeleza kila kitu. Bunduki wamechukua, na Alhamisi nitasimama mbele ya hakimu. Mama mkwe wako na jirani bado hawajui. Nilitaka wewe ujue wa kwanza. Ukiniita nije niwaambie mwenyewe nitakuja, hata wakinipokea kwa mawe. Usiponiita, nitaelewa pia.

Nisalimie watoto, kama utaona salamu zangu zinafaa kufikishwa. Wakikuuliza mjomba haji kwa nini, usinitafutie visingizio.

Ni mimi, mdogo wako uliyenibeba mgongoni.